Pedi zilizobaki kabatini: kisa cha wanafunzi wa kujitolea na hedhi salama Dar es Salaam

Kisa hiki kinahusu kikundi cha wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Walianza kwa kuwawekea wenzao taulo za kike hosteli, wakaenda kwenye sekondari moja ya kata, na mwishowe wakafika kwa kina mama wa mtaa mmoja wa bondeni. Nilikuwa nao kama mlezi wao kwa upande wa afya. Ninayoeleza niliyaona au niliambiwa na waliohusika, na wao wameridhia yaandikwe. Jina la chuo, la shule, la mtaa na ya watu yameondolewa.

Ninakiandika kwa ajili ya vikundi vingine vya wanafunzi, maana swali lililotusumbua linaweza kumkuta yeyote: ilikuwaje pedi za bure zibaki kabatini shuleni, na wasichana waliozihitaji waendelee kukosa vipindi?

## Usuli

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi wanaotoa msaada huu hawajawahi kuipiga. Pakiti ya pedi nane au kumi kwenye duka la mtaani ni kati ya shilingi 2,000 na 3,000 hivi, kutegemea aina. Pedi inatakiwa kubadilishwa kila baada ya saa 4 hadi 6, na isizidi 8 hata kama haijajaa. Msichana anayebadilisha mara 4 kwa siku, kwa siku 5, anamaliza pedi 20, yaani pakiti mbili au zaidi. Sasa nauli ya mwanafunzi kwenye daladala ni shilingi 200. Kwenda na kurudi siku tano za wiki ni 2,000. Pakiti moja ya bei ya chini inakula nauli ya wiki nzima. Nyumba yenye mabinti wawili na mama yao inatakiwa kuipata fedha hiyo mara kadhaa kila mwezi, miezi yote kumi na miwili.

Serikali iliwahi kujaribu kushusha bei kwa njia ya kodi. Mwaka 2018 kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, iliondolewa kwenye taulo za kike. Bei dukani haikushuka kama ilivyotarajiwa, na katika bajeti ya 2019/20 Waziri wa Fedha wa wakati huo, Dkt. Philip Mpango, alipendekeza kodi irudishwe kwa hoja kwamba nafuu haikumfikia mtumiaji. Jirani zetu Kenya waliiondoa kodi hiyo mwaka 2004, na mwaka 2017 wakabadili sheria ya elimu ili serikali iwape taulo wasichana wa shule za umma waliokwisha kubalehe. Kwetu, mtoto wa sekondari ya kata anamtegemea mzazi, mwalimu mwenye huruma, au kikundi kama hiki.

Chuoni nako watu hudhani tatizo hili halipo, kwa sababu mwanachuo anaonekana ana simu na nguo safi. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupokea fedha ya chakula na malazi, yaani bumu, kwa awamu. Kiwango kilikuwa shilingi 8,500 kwa siku kabla hakijafika 10,000. Humo humo kuna nauli, kutoa nakala, vocha, na kwa wengine kuna mdogo wake nyumbani anayesubiri chochote. Asiye na mkopo kabisa hali yake ni nyingine. Wasichana walisimulia kukaa na pedi moja kutoka kipindi cha asubuhi hadi jioni, kukunja karatasi za chooni, au kukata kipande cha kanga iliyochakaa. Mmoja alisema wiki mbili kabla bumu halijaingia huwa anaomba Mungu siku zake zichelewe.

## Mambo yalivyokwenda

Hosteli walianza na kasha la plastiki lenye droo, wakaliweka bafuni kwenye ghorofa moja. Maelekezo yaliandikwa kwa kalamu ya wino mzito: ukiwa nayo weka, ukikosa chukua, usimwombe mtu. Hapakuwa na daftari wala mlinzi. Droo zilijaa, zikaisha, zikajaa tena.

Baada ya muda mweka hazina wao, mwanafunzi wa uhasibu, aliona kitu ambacho wengine hawakukiona. Droo zilifurika wiki ambayo bumu limeingia, wakati kila mtu anaweza kujinunulia, na zikawa tupu kabisa siku za mwisho wa awamu, wakati hakuna mwenye akiba. Uchangiaji ulikuwa unafuata bumu na uhitaji unakwenda kinyume chake. Akapendekeza watu wachangie fedha siku bumu linapoingia, kikundi kinunue kwa katoni Kariakoo kwa bei ya jumla, katoni zihifadhiwe, na pedi ziwekwe kwenye droo kidogo kidogo kila Jumapili usiku. Kuanzia hapo droo hazikukauka tena muhula ukiendelea.

Mafanikio hayo yakawapa moyo wa kutoka nje. Mmoja wao alikuwa amesoma sekondari moja ya kata. Wakapata barua ya utambulisho kutoka chuoni, wakapita manispaa kwa kibali, na mkuu wa shule akawapokea kwa mikono miwili. Shule ikaweka utaratibu: walimu wa madarasa waandike majina ya wasichana wenye uhitaji, yaani yatima, wanaolelewa na bibi, na wale ambao wazazi wao wanajulikana hawana kazi. Pedi zikafungiwa kwenye kabati ofisini kwa matroni. Anayehitaji aende, jina lake litafutwe kwenye orodha, asaini, apewe pakiti moja kwa mwezi.

Muhula ulipokwisha wakaenda kuhesabu. Sehemu kubwa ya katoni ilikuwa haijafunguliwa. Ndani ya kikundi wapo waliosema shule hii haina shida kubwa, tuhamie nyingine. Bahati njema hawakuhama siku hiyo. Walikaa chini ya mwembe na wasichana wa kidato cha tatu, walimu wakiwa mbali, wakawauliza.

Majibu yalikuwa wazi. Kufika kwa matroni ni lazima upite mlango wa ofisi ya walimu, na humo mna walimu wa kiume wanasahihisha madaftari. Mwalimu wa zamu anakuuliza unakwenda wapi saa za masomo. Ukifika, matroni ana kipindi darasani, inabidi usubiri kwenye benchi, na kila anayepita anajua benchi lile ni la nini. Kisha orodha: aliyeandikwa alikuwa ameshapewa jina la "mtoto wa msaada" darasani. Na wako ambao hawakuandikwa kwa sababu baba ana kazi, lakini baba huyo huyo hawezi kuombwa fedha ya pedi na binti yake, na mama hana fedha ya mkononi. "Bora nifunge sweta kiunoni nirudi nyumbani," alisema mmoja, na wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Mtaani hali ilikuwa tofauti. Kikoba cha kina mama, wengi wao mama lishe, kiliwaomba wanafunzi wawafundishe kushona pedi za kufua ili watumie na wauze. Mafundi wawili wa cherehani wakapatikana hapo hapo mtaani. Vitambaa vya flaneli, kitambaa kisichopitisha maji na vifungo vya kubonyeza vilinunuliwa Kariakoo. Zikashonwa pedi nzuri zenye mabawa, zikagawiwa, na kila mtu akashangilia. Masika yalipoingia, kina mama wengi walikuwa wameziacha.

## Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kufuta orodha na kuzitoa pedi ofisini. Matroni alipinga, na hoja zake zilistahili kusikilizwa. Alisema zitaibwa, zitapelekwa nyumbani kwa dada na shangazi, zitachezewa, na lawama itamrudia yeye kwa sababu ndiye aliyesaini kupokea. Miaka yake yote kazini amedaiwa hesabu ya kila kitu, mpaka chaki. Kiongozi wa kikundi, ambaye huko nyumbani angemwita mama, alimjibu kwa adabu: "Mwalimu, shikamoo yetu kwako haijapungua. Tunaomba muhula mmoja tu, na zikipotea, hesabu iwe juu yetu. Tutaandika barua." Wakaiandika kweli. Barua hiyo ilikuwa ufunguo wa mambo yote, kwa sababu ilimwondolea matroni mzigo wa kujibu kwa mali ambayo hatakuwa anailinda. Pedi zikawekwa kwenye kasha ndani ya vyoo vya wasichana, na nyingine kwenye pochi ya kitambaa ya kila darasa, chini ya wasichana wawili waliochaguliwa na wenzao. Dada mkuu akapewa kazi ya kusema kikibaki kidogo.

Uamuzi wa pili uliwagawa. Mfanyabiashara mmoja wa jumla alijitolea katoni nyingi, akitaka picha za wasichana wameshika pakiti ili aziweke kwenye ukurasa wake. Waliotaka kukubali walisema picha haimuumizi mtu na pedi zinahitajika. Waliokataa waliuliza swali moja: wewe ungekubali kupigwa picha hiyo? Wakamrudia na pendekezo la picha ya katoni zikiwa mikononi mwa wanakikundi wenyewe, nje ya geti la shule, bila jina la shule kuonekana. Alitoa nusu ya alichoahidi. Naona walifanya sawa. Msichana aliyekataa kupita mbele ya ofisi ya walimu asingekubali kupita mbele ya mji mzima.

Wa tatu ulihusu pedi za kufua, na hapa aliyeamua ni bibi mmoja wa pale mtaani, somo wa siku nyingi, aliyewafunda mabinti wengi walipovunja ungo. Alikwenda na wanafunzi kwenye nyumba za kupanga akawaonyesha: wapangaji familia tano sita, bafu moja, kamba moja ya kuanikia uani, na vijana wa kiume wamekaa hapo wanacheza bao. Pedi yenye mabawa ikianikwa pale kila mtu anaijua. Kwa hiyo kina mama walianika chini ya kitanda au chini ya kanga nyingine, na kwenye masika haikauki siku mbili. Kitambaa kibichi kinanuka, kinawasha. "Wanangu, mmetuletea kitambaa, hamkutuletea kamba," aliwaambia.

Wakarudi kwa mafundi. Mshono mpya ukawa wa vipande viwili: ganda la nje la kitenge cha rangi ya kiza lenye vifungo, na taulo la ndani linalokunjwa mara tatu. Likikunjuliwa na kuanikwa, taulo hilo ni kama vitaulo vyote vya kufutia uso, na kwa sababu ni tabaka moja linakauka upesi juani. Bibi akachukua kazi ya kufundisha kufua: maji ya baridi kwanza, kwa kuwa ya moto huigandisha damu kwenye uzi, kisha sabuni, kusuuza mpaka maji yawe meupe, na jua. Wanafunzi walikuwa na somo hilo kwenye vipeperushi, lakini kutoka kinywani mwake lilisikilizwa.

## Matokeo

Wiki ya kwanza pedi zote za vyooni ziliisha shuleni ndani ya siku chache. Matroni alikuwa na haki ya kusema aliwaambia. Wakajaza tena. Zikaisha tena, polepole zaidi. Kadiri wiki zilivyopita matumizi yalitulia, kwa sababu wasichana waliacha kuweka akiba kwenye mabegi walipoona kesho zitakuwepo. Katoni zilizolala muhula mzima zikatumika, na ikabidi zinunuliwe nyingine. Orodha haikuandikwa tena, na matroni mwenyewe ndiye aliyeipinga alipoulizwa na mgeni kutoka manispaa.

Hosteli mpango unaendelea. Mtaani mafundi wanashona kwa oda, wanauza kidogo, na faida ni ndogo. Wanaoendelea kutumia ni wenye maji ya uhakika karibu. Anayenunua maji kwa dumu bado anaona kufua pedi ni gharama juu ya gharama, na sioni namna ya kumbishia.

## Uchambuzi

Kikundi kiliamini kwamba kizuizi ni fedha, kwa hiyo ukishaondoa bei umeondoa tatizo. Kilichotokea shuleni kinaonyesha kwamba kuna bei ya pili, nayo ni kuomba. Pedi ya ofisini ilikuwa bure kwa shilingi, lakini msichana aliilipia kwa kupita mlango wa walimu, kujibu maswali ya mwalimu wa zamu, kukaa kwenye benchi, kuonekana jina lake kwenye orodha, na kusaini. Wengi waliona bei hiyo ni kubwa kuliko 2,000. Hosteli kikundi kilikuwa kimeifuta bei hiyo tangu siku ya kwanza, kwa maneno mawili ya "usimwombe mtu". Walipofika shuleni wakairudisha bila kujua, kwa sababu shule ina taratibu zake za kutunza mali na wao walikuwa wageni wanaoshukuru kupokelewa.

Sheria iliyopitishwa Scotland mwaka 2020, ambayo mwaka 2022 ilianza kuwabana rasmi watoa huduma, inaagiza bidhaa za hedhi zipatikane bure, na haikuishia kwenye neno bure: inataka zipatikane kwa urahisi na kwa kulinda utu wa mtu. Vikundi vyetu havihitaji kusubiri sheria kujiuliza swali hilo. Kabla ya kununua katoni ya kwanza, nashauri wanakikundi waitembee njia yenyewe kutoka darasani hadi ilipo pedi, wakati wa masomo, na wahesabu watu ambao msichana lazima aongee nao. Kila mmoja kati ya hao ni mahali ambapo msaada unaweza kufia.

Hofu ya wizi nayo inahitaji kuangaliwa upya. Ni kweli zilichukuliwa nyingi mwanzoni, na huenda nyingine zilikwenda kwa dada nyumbani. Dada huyo naye ana hedhi. Kikundi kilipokubali kwamba pedi iliyotumiwa na mwanamke yeyote wa nyumba ile haijapotea, mjadala mrefu wa ulinzi uliisha.

Orodha ya wenye uhitaji ina kosa jingine ambalo watoaji wengi hawalioni: inapima kipato cha nyumba, wakati fedha ya nyumba haimfikii kila aliyemo. Binti wa baba mwenye mshahara anaweza kuwa hana pedi, na mwalimu wa darasa hana namna ya kulijua hilo. Kiasi cha pakiti moja kwa mwezi pia kilikuwa kidogo mno kwa hesabu niliyoipiga hapo juu. Kinatosha siku mbili, na siku ya tatu msichana yuko palepale.

Kuna mambo ambayo pedi haikuyafikia, na ningependa vikundi vingine viyape uzito mapema. Vyoo vya shule ile vilikuwa na milango isiyo na komeo, hapakuwa na pipa la taka lenye mfuniko, na maji yalikuwa kwenye ndoo nje. Msichana mwenye pedi mkononi asiye na mlango wa kufunga hawezi kuibadilisha. Kamati ya wazazi ilikubali kununua makomeo na mapipa baada ya kuelezwa na akina mama wawili waliomo kwenye kamati, na gharama yake ilikuwa ndogo kuliko ya katoni za muhula mmoja. Ingefaa ndiyo iwe hatua ya kwanza.

Lingine ni maumivu. Chini ya mwembe ule wasichana kadhaa walisema wanakosa shule kwa sababu ya tumbo, pedi wanazo. Kikundi hakikuwa kimejiandaa kwa hilo. Baadaye niliwasaidia kuandaa mazungumzo ya wazi juu ya dalili za kwenda zahanati: kulowanisha pedi kila saa kwa saa kadhaa mfululizo, kutoka damu zaidi ya siku 7, au maumivu yanayomlaza mtu kila mwezi. Tuliwaambia pia kwamba miaka ya mwanzo baada ya kuvunja ungo mzunguko kupishana ni jambo la kawaida, na hilo peke yake liliwatua mzigo wengi waliodhani wana ugonjwa. Wavulana hawakuhusishwa kabisa. Kicheko kwa msichana aliyechafuka hutoka kwao, kwa hiyo pengo hilo bado liko wazi.

Kilichonigusa zaidi ni nafasi ya yule bibi. Wanafunzi waliingia mtaani wakidhani wanaleta elimu mahali isipokuwepo, wakamkuta mtu ambaye jamii ilikuwa tayari imempa kazi ya kuzungumza na mabinti juu ya miili yao. Hakuhitaji kuaminiwa upya. Hakuna binti aliyemwomba kitu. Yeye ndiye aliyekwenda kwao, na ana sababu mia za kuingia uani kwa watu. Kikundi kilichoanza na somo au kungwi wa mtaa kingeokoa miezi.

Linalobaki ni kalenda, na hapo kikundi hakijapata jibu. Chuo kinafungwa kuanzia Julai hivi hadi Oktoba au Novemba, wanakikundi wanarudi mikoani au wanakwenda mafunzo kwa vitendo, na bumu linasimama. Sekondari ipo wazi sehemu kubwa ya kipindi hicho. Kwa likizo za shule za Juni na Desemba wamekubaliana kila msichana aondoke na pakiti mbili bila kuulizwa. Kwa miezi ya chuo kufungwa, matroni na dada mkuu wanasimamia stoo wenyewe, lakini akiba iliyoachwa mwaka jana iliishia Agosti. Kikundi kimeiandikia serikali ya wanafunzi kuomba fungu la kudumu kwenye bajeti yake, litakalotolewa kabla ya chuo kufungwa na kukabidhiwa shule moja kwa moja. Maombi yako kwenye kamati ya fedha.